Mwaka wa Kuotea

Katekista Ndunguru tumemzika juzi kwenye makaburi ya kigango chetu, upande wa juu wa Litembo, katika yale manyunyu ambayo hayakulowanishi upesi ila hayakuachi. Nilikwenda na gari langu mpaka lilipokwama kwenye utelezi, nikashuka, nikatembea. Vijana wa bodaboda walitaka kunipakia, nikakataa. Njia ile nimeipanda na mizigo kichwani kabla baba zao hawajaoa. Nyumbani kwa marehemu nilimkuta Longino amekaa kwenye benchi, mgongo ukutani, fimbo katikati ya magoti, nyonga imeisha. Zamani alikuwa golikipa wetu. Aliniangalia kwanza, akasema, "Winga, umenenepa. Sasa hivi hata mbuzi anaweza kukukaba." Watu wananiita mzee, wananiita bosi, wengine mheshimiwa wakiwa na shida. Waliokuwa wamebaki kuniita Winga walikuwa wawili tu, Longino na yule tuliyekwenda kumzika.

Watoto wangu wanasema mtu akiandika maisha yake anaanza na ukoo. Mimi naanza pale nilipoanza mimi. Darasa la nne niliishia kwa sababu zile zile zilizowakatiza wengi wa milima hii, hazina habari mpya. Nitasema mwaka mmoja tu, ule ambao timu ya taifa ilifuzu kwenda Lagos kucheza na vigogo wa Afrika. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, shati moja linakwenda kanisani na linarudi shambani. Katikati ya dhiki ile vijana wa taifa wakashinda, wakashinda tena, na sisi tuliokuwa hatujashiba tukaanza kutembea kama watu walioshiba. Kila kijana wa kijiji alijitwalia jina la mchezaji mmoja, na wawili wakitaka jina moja walipigana. Jina nililolitaka mimi lilichukuliwa na mtu mwenye mabega kunizidi. Nikaambulia nafasi tu: Winga. Katekista hakuyataka majina yale. Ukimwendea akakusikia unaitwa hivyo alikatiza, "Katika kitabu cha ubatizo nina Kasiani. Sina Winga."

Lakini redio ilikuwa yake. Ilikaa chumba cha mbele, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Chumba kile kilinuka moshi, mafuta ya taa na kahawa mbichi, na ukiingia ulivua kofia kama unaingia kwenye altare. Betri zilipatikana kwa kujuana. Zikichoka, Mama Katekista alizianika juani, kwenye mkeka ule ule wa kahawa, akazigeuza kwa mkono kama anavyogeuza buni. Siku ya mechi tulimkuta mlangoni amezishika kwenye kanga. "Leo taifa linacheza au linasali?" aliuliza. "Betri hizi haziwezi yote mawili." Mumewe alijibu kutoka ndani, "Mama, zilete. Watasali wakifungwa." Alizitoa akinung'unika, halafu yeye mwenyewe alikuja kukaa karibu na redio kuliko mtu yeyote, na bakuli la maharage ya kuchambua mapajani.

Vijana wa leo hawataelewa jambo hili mpaka nilieleze. Sisi nyumbani ni Kimatengo. Kiswahili tulikuwa nacho cha darasani, cha sokoni na cha kanisani, na wazee wengine hata hicho hawakuwa nacho. Mtangazaji alikuwa na Kiswahili cha pwani kinachokwenda mbio kuliko mpira wenyewe. Kwa hiyo Katekista alitafsiri. Alisimama, mkono mmoja juu ya redio, sauti ile ile aliyomtafsiria padre akija kigangoni kuhubiri. Mtu aliyetuambia padre amesema nini kuhusu Mungu ndiye aliyetuambia mtangazaji amesema nini kuhusu mpira. Mungu hatukuwahi kumwona, wala mpira ule wa redioni. Tuliamini.

Siku moja, taifa wanashambulia, chumba kizima kimeshika pumzi, mtangazaji akapiga kelele ya goli, akaikata katikati, akasema, "Lakini ameotea." Wazee wakamgeukia Katekista. Sasa, kwetu kuotea ni kazi ya wakati mahindi yanapokomaa. Unajificha pembeni ya shamba na mkuki, hutikisiki, hukohoi, unamngoja nguruwe aje. Katekista alifikiri kidogo, akatafsiri, "Refa amekataa goli. Yule mchezaji alikuwa amesimama anamvizia golikipa, kama mtu anayeotea nguruwe." Wazee wakakubali kwa vichwa. Mmoja akasema, "Ni haki. Mpira si uwindaji." Kuanzia hapo ikawa sheria ya kijiji: anayesimama mbele anaotea, anayekimbia haotei. Hakuna aliyekuwa ameona kitabu cha sheria za mpira, na hata tungekiona tungempelekea Katekista atusomee.

Uwanja wetu ulikuwa mteremko, wenye goli la juu na goli la chini. Pembeni yalikuwa mashimo ya ngolo tunamolimia, mpira ukitumbukia humo unautafuta kwenye maharage ya mtu na mwenye maharage anakutafuta wewe. Katekista alikaa juu ya jiwe na filimbi, akimwona yeyote amepunguza mwendo anapuliza. "Umeotea!" Basi tulikimbia. Mpira uko kwetu tunakimbia, uko kwao tunakimbia, umetoka nje tunakimbia hapo hapo tulipo. Mimi nilikuwa na ufundi wangu. Nilimpita beki wa mwisho mapema, nikabaki nyuma yake nikizunguka mbio kama kuku anayetafuta pa kutagia. Longino akiupiga mpira wa juu, unanikuta mimi na golikipa tu. Kila kijiji kilichokuja kucheza kwetu kilicheza kwa sheria yetu, maana mwenye filimbi alikuwa Katekista, na nani angembishia katekista. Nilifunga mpaka nikachoka kusifiwa. Kwa kweli sikuchoka.

Kahawa ilipokuwa inateremshwa, alipita bwana mmoja wa chama cha ushirika akaniona nacheza. Kazini kwao Songea walikuwa na timu. Akaniita pembeni, mkono begani, kama watu tunaofahamiana. "Miguu unayo. Mimi nashuka ziwani kungoja mzigo wa meli. Njooni mcheze na watu wa kule nikuone na watu usiowajua. Ukinifaa nakuchukua. Utacheza, na kazi juu, utingo wa lori." Sikulala vizuri tangu siku ile. Nilikuwa nabeba kahawa ya watu kichwani kwa ujira wa kula. Mabegani nilikuwa na sugu ambazo ninazo mpaka leo. Mtu kama mimi hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Taifa waende Lagos, waifunge Afrika yote, kwangu jambo kubwa lilikuwa lile lori.

Tukateremka kwa miguu, Katekista mbele na mpira kwenye kapu, mpaka kijiji kimoja cha ufukweni, njia ya Chiwanda. Tulilala kwa watu. Asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na padre hakufika, Katekista aliongoza ibada pale pale, na watu wa ziwani wakamwitikia vizuri sana. Baadaye tukaletewa ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lile, waliokaushwa, waliopikwa na nyanya. Sikuwa nimewahi kuwala wakiwa wengi namna ile. Kwetu juu wakifika walikuwa wachache, na wamegeuka vumbi. Nyuma ya ukuta wa matete wanawake walikuwa wanaosha vyombo, hawajui tunawasikia.

"Hawa ndio Wamatengo wa kucheza na wetu?"

"Ndio hao. Tazama wanavyotembea. Hata kwenye mchanga wanainua miguu kama wanapanda mlima."

"Waache. Wakifika majini watatafuta ngazi."

Longino alitaka kujibu. Katekista akamtazama, Longino akarudisha tonge mdomoni.

Refa alikuwa Bwana Afya wa serikali, mtu wa Tanga aliyeletwa huku kikazi, Kiswahili chake kama cha redioni kabisa. Saa mkononi, filimbi ya chuma. Bwana wa ushirika alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu kaining'iniza. Nikamwona ananiona. Mpira ukaanza. Longino akaupiga wa juu, mimi niko nyuma ya beki wao nakimbia, ukanikuta, nikaupeleka wavuni. Nageuka kushangilia nasikia filimbi. "Ameotea," alisema Bwana Afya. Nikadhani anamsema mwenzangu aliyekuwa amesimama kule pembeni. Tukaendelea. Mpira wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile, na safari hii alininyooshea kidole mimi. Nikamwendea. "Bwana Afya, mimi nilikuwa nakimbia. Muulize yeyote. Sikusimama hata mara moja."

"Na nani kakwambia usimame?"

"Kuotea si kusimama unavizia?"

Kicheko kilichotoka pale bado nakisikia. Kilianza kwa vijana wa mbele, kikaenda mpaka kwa wale wanawake wa asubuhi, mtu mmoja akaigiza mwindaji, amechuchumaa na fimbo, mwingine akawa nguruwe. "Watu wa ngolo wanaotea nguruwe!" Bwana Afya hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu: huyu golikipa, huyu beki, huyu wewe, mpira unapigwa tayari umeshampita beki. Nikaelewa hapo hapo. Si jambo gumu. Nikaelewa pia kwamba magoli yangu yote ya nyumbani, yale niliyosifiwa, yalikuwa ya kuotea.

Bwana wa ushirika alikuwa ameteremka kwenye mtumbwi, amekuja mpaka katikati ya uwanja. Akaniuliza, watu wote wanasikia, "Kijana, sheria hii nani kakufundisha? Niambie kweli. Kama umefundishwa vibaya, nitakuchukua nikufundishe upya. Kama umejitungia mwenyewe halafu unabishana na refa, mtu mbishi sina kazi naye."

Katekista alikuwa pembeni ya mstari, amekumbatia nguo zetu zote. Watu waliokuwa wanacheka ndio wale wale waliomwitikia amina asubuhi. Vijana wetu walikuwa wanatazama chini, na mtu akikataa kuangalia upande fulani ujue ndiko jibu liliko. Nikamwona Katekista anaweka nguo juu ya mchanga, taratibu, shati juu ya shati, anavuta pumzi anataka kusema. Lori lilikuwa pale, neno moja tu, tena neno la kweli. Nikamwahi.

"Mimi," nikasema. "Nimewafundisha mimi. Na sheria yenu siipendi."

Usidhani nilifanya kwa upole. Sikuwa kijana mpole, na watu wanaofanya biashara nami watakwambia mpaka leo si mpole. Kicheko kile kilikuwa kinatafuta mtu wa kumkalia, nikaona kikimkalia yule hatasimama tena, na mimi mabega yangu yalikuwa yameshazoea mizigo. Bwana wa ushirika alitikisa kichwa. "Miguu unayo," alisema, "kichwa umekiacha mlimani." Akarudi kwenye mtumbwi wake. Tulifungwa. Kesho yake lori liliondoka na kijana mmoja wa ziwani amekaa juu ya magunia, ananipungia mkono. Sikumpungia.

Tukapanda kurudi kwetu. Katekista safari hii alitembea nyuma, na kapu lake. Longino pekee ndiye aliyenisogelea. "Wewe ni mjinga," alisema. Nikamwambia najua. Hatua kidogo akasema tena, "Lakini lile la 'sheria yenu siipendi' lilinifurahisha." Nikamwambia anyamaze.

Siri ya watu kumi na moja haifiki nyumbani ikiwa nzima. Masika yalipokaribia, kijiji kizima kilishajua. Hakuna aliyemwambia Katekista kitu usoni, ilikuwa afadhali wangemwambia. Jumapili anasoma tangazo la ndoa, watu wanatazamana. Anatafsiri mahubiri, mtu anakohoa. Nilimsikia kijana mmoja kisimani akimwambia mwenzake, "Kama kuotea si kuotea, toharani je?" Walicheka, ila hawakucheka sana, na kule kutocheka sana ndiko kulinitia hofu. Mama Katekista aliacha kukaa baada ya ibada kusalimiana na watu. Alifunga kanga akaenda zake.

Jioni taifa walipocheza Lagos, nilidhani watu hawatakwenda. Walikwenda wote. Chumba kilijaa, wengine dirishani, mvua inapiga bati. Betri Mama Katekista alikuwa amezipasha kwenye majivu, akazileta bila neno la utani. Katekista akasimama, mkono juu ya redio. Alitafsiri kama kawaida, lakini kila mpira ulipokwenda mbele watu hawakuwa wanasikiliza goli. Walikuwa wanalingoja lile neno. Mimi nilikuwa naomba lisije. Nimesali mara chache kwa moyo wote maishani mwangu, na mojawapo ni ile, kwamba asiotee mtu Lagos.

"Ameotea," alisema mtangazaji.

Macho yote kwa Katekista. Mtangazaji alikwishaendelea na mpira mwingine, Katekista yuko vile vile, anatazama kitambaa cha meza. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu wakati taifa wanacheza. Akazima redio.

"Neno hili nilikosea," alisema kwa Kimatengo. "Kuotea si kuvizia. Kuotea ni kutangulia mbele ya wenzako kabla hujaitwa."

Kisha mzee yule aliyesema mpira si uwindaji akakohoa, akauliza lile ambalo kila mtu alikuja nalo. "Na Injili je, Katekista?"

"Injili nimeisoma kwa macho yangu, baba. Mpira nimeusikia tu."

Mzee alifikiri. Nakumbuka maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kofia yake aliyoishika mkononi, yanalowesha sakafu ya udongo, na wote tukawa tunayatazama kana kwamba ndiyo yatakayoamua. "Basi washa," alisema mwishowe. "Taifa wanacheza peke yao huko." Mama Katekista akanyoosha mkono akaiwasha yeye mwenyewe.

Siku ile taifa walifungwa, na kombe halikuja. Lakini wale vijana walirudi wakapokelewa kama washindi, na mimi naona ilikuwa sawa. Watu wakitoka, Katekista alisimama mlangoni akiwapa mkono mmoja mmoja. Nilipofika mimi hakusema asante, wala hakutaja ufukwe. Alishika mkono wangu akasema, "Usiku mwema, Winga." Basi. Hakuniita tena Kasiani mpaka kufa kwake, hata siku aliponiandikisha ndoa, padre akamsahihisha.

Lori lile halikunichukua, nikateremka tena ziwani kwa miguu yangu, kwa sababu ya wale usipa. Nilikuwa nimewala nikajua watu wa juu hawajui wanachokosa. Niliwapandisha kichwani, baadaye kwa baiskeli, mpaka Litembo, mpaka Mapera, na maharage yetu nikayateremsha. Leo malori ni yangu na utingo nawaajiri mimi. Wanalalamika kwamba mzee hataki kumwona mtu amesimama. Ni kweli. Sheria sahihi ya kuotea ninaijua, alinichorea mtu wa Tanga mchangani. Ila iliyonilisha ni ile ya uongo, na bado naitumia: anayesimama ameotea.

Juzi pale kaburini padre kijana, ambaye hakumjua vizuri, alihubiri kwa kifupi kwa ajili ya mvua. "Mzee wetu ametutangulia," alisema. Nikahisi kiwiko cha Longino ubavuni. Alikuwa amejiegemeza kwangu, fimbo imezama kwenye tope.

"Winga. Anasema ametangulia."

"Nimesikia."

"Sasa si ameotea?"

Nilitazama lile jeneza, manyunyu yakikaa juu ya mbao bila kuteremka.

"Hapana," nikamwambia. "Ameitwa."

Longino akainama kwa shida, akachukua konzi ya udongo.

"Basi ni goli," alisema, akautupa.